Uchumi, Biashara na Kazi: Mambo ambayo Mwanafunzi wa Sekondari Anapaswa Kuyafahamu Kabla ya Kuhitimu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila mwaka maelfu ya vijana wa Kitanzania huhitimu kidato cha nne na kuingia moja kwa moja katika shughuli za kujipatia kipato. Wapo wanaofungua genge, wanaoendesha bodaboda, wanaoajiriwa viwandani, mashambani, madukani na majumbani, na wapo wanaoendelea na masomo. Katika miezi michache ya mwanzo kijana huyo hukutana na mambo matatu yenye uzito: mkataba wa kazi, mkopo na kodi. Asipoyaelewa, gharama ya kutojua ataibeba mwenyewe.

Hiyo ni miongoni mwa sababu zilizofanya Elimu ya Biashara kupewa nafasi mpya katika mtaala ulioboreshwa unaotekelezwa kwa awamu kuanzia mwaka 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023. Makala haya yanaeleza somo hilo lilikotoka, linakusudia nini, na kubainisha mambo ya msingi kuhusu uchumi, biashara na kazi ambayo mwanafunzi, mzazi na mwalimu wanapaswa kuyafahamu. Pale sheria inapotajwa, ni sheria ya Tanzania Bara isipokuwa ielezwe vinginevyo.

Historia kwa ufupi

Wazo la kuoanisha elimu na kazi si geni nchini. Mwezi Machi 1967, Rais wa kwanza, Mwalimu Julius Nyerere, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule imwandae kijana kuishi na kufanya kazi katika jamii yake badala ya kumwandaa kwa mtihani pekee. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari ziligawanywa katika michepuo minne: kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Wanafunzi wa mchepuo wa biashara walisoma Biashara na Utunzaji wa Hesabu, na baadhi yao waliendelea na Uchumi katika kidato cha tano na sita. Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanzishwa mwaka 1965, kilipokea wengi wao.

Utaratibu huo ulizalisha wahasibu, maofisa ushirika na mameneja wa mashirika ya umma. Hata hivyo, maarifa hayo yalibaki kwa wachache. Mwanafunzi wa mchepuo wa sayansi aliweza kumaliza shule bila kufundishwa namna ya kukokotoa faida, na yule wa sanaa bila kujua riba ya mkopo inavyofanya kazi. Kwa kuwa wote huishia kununua, kuuza, kukopa na kufanya kazi, pengo hilo lilikuwa kubwa.

Mazingira nayo yamebadilika. Elimu ya sekondari bila ada ilianza mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na kuendelea hadi kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Wanafunzi wameongezeka, na wengi wao hawataajiriwa katika ofisi za umma. Wengi watajiajiri au kuajiriwa katika sekta binafsi.

Mtaala wa sasa unasemaje

Chini ya mtaala ulioboreshwa, elimu ya sekondari ngazi ya chini ina mikondo miwili: elimu ya jumla na amali. Anayesoma amali hupata ujuzi wa fani, kwa mfano ushonaji, umeme, ujenzi, kilimo au michezo. Elimu ya Biashara ni somo la lazima katika mikondo hiyo. Mantiki yake ni rahisi: fundi anayejua kushona lakini hajui kupanga bei ya gauni atafanya kazi nyingi na kubaki maskini, na anayejua kupanga bei lakini hana ujuzi wowote hana cha kuuza.

Mwelekeo huo unakwenda sambamba na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 17 Julai 2025, inayolenga kuijenga nchi yenye uchumi wa Dola za Marekani trilioni 1 na wastani wa kipato cha Dola 7,000 kwa mtu ifikapo mwaka 2050. Mwanafunzi aliye kidato cha kwanza leo atakuwa katikati ya umri wake wa kufanya kazi mwaka huo utakapofika.

Uchumi: kuelewa habari za kila siku

Lengo la kumfundisha kijana uchumi ni kumwezesha kuelewa taarifa zinazogusa maisha yake. Mambo manne yanatosha kuanzia.

La kwanza ni bei. Bei hupanda au kushuka kutokana na wingi wa bidhaa sokoni na wingi wa wanaoihitaji. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, korosho huuzwa kwa minada kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani. Mwanafunzi wa huko anaweza kufuatilia bei ya mnada wiki hadi wiki na kujiuliza kwa nini mnada mmoja umetoa bei nzuri kuliko mwingine: ubora wa korosho, wingi wa wanunuzi, au hali ya soko la nje. Mwanafunzi wa Mbeya anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mpunga, na wa Mwanza kwa samaki.

La pili ni mfumuko wa bei. Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutangaza Fahirisi ya Bei za Walaji, inayopima mabadiliko ya gharama ya kapu la bidhaa na huduma zinazotumiwa na kaya. Wananchi wengi husikia kuwa mfumuko wa bei umeshuka kutoka asilimia 4 hadi 3, kisha wakashangaa kuona bei sokoni hazijashuka. Ukweli ni kwamba mfumuko wa bei ni kasi ya kupanda kwa bei. Kasi ikipungua, bei bado zinapanda, ila polepole zaidi. Kapu lililogharimu Sh. 10,000 mwaka jana litagharimu Sh. 10,300 mwaka huu endapo mfumuko ni asilimia 3. Kijana akilielewa hili atajua pia kwa nini fedha inayofichwa chini ya godoro hupungua thamani ingawa noti ni zile zile.

La tatu ni riba. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) inatumia Riba ya Benki Kuu kama nyenzo ya kusimamia sera ya fedha. Riba hiyo ilianza kwa asilimia 5.5. Si riba anayotozwa mwananchi akienda kukopa. Ni kiwango elekezi kinachoathiri riba ambazo benki hukopeshana kwa muda mfupi, na hatimaye gharama ya fedha katika uchumi mzima. Benki Kuu ikiona bei zinaelekea kupanda kwa kasi, hupandisha riba ili kupunguza ukwasi. Uchumi ukihitaji kuchochewa, huishusha.

La nne ni bajeti ya Serikali. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Mwezi Juni Waziri wa Fedha huwasilisha bungeni makadirio ya mapato na matumizi. Bajeti ya mwaka 2024/25 ilikuwa Sh. trilioni 49.35, na ile ya 2025/26 Sh. trilioni 56.49. Kwa mwanafunzi, swali la msingi ni fedha hiyo inatoka wapi na inakwenda wapi: kodi, mapato yasiyo ya kodi, mikopo na misaada kwa upande mmoja, mishahara, ulipaji wa deni, huduma za jamii na miradi kwa upande mwingine. Bajeti ya Taifa na bajeti ya kaya hufuata kanuni ile ile: matumizi yasiyo na chanzo cha mapato lazima yazae deni.

Biashara: hesabu kabla ya mtaji

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana wengi huamini kwamba kikwazo cha biashara ni mtaji pekee. Mtaji ni muhimu, lakini biashara nyingi ndogo hufa huku mwenyewe hajui kama ilikuwa ikipata faida au hasara, kwa sababu hakuandika chochote.

Tuchukue mfano wa kijana anayeuza maandazi. Kila andazi linamgharimu Sh. 120 kwa unga, sukari, mafuta na mkaa, naye huliuza Sh. 200. Kila mwezi hulipa Sh. 24,000 za meza na usafi, auze asiuze. Kila andazi linamwachia Sh. 80 za kulipia gharama hiyo ya kudumu. Akigawa 24,000 kwa 80 anapata 300. Maana yake ni kwamba maandazi 300 ya mwanzo katika mwezi hayampi faida yoyote. Yanamtoa tu kwenye hasara. Akiuza 1,000 kwa mwezi, atabaki na Sh. 56,000.

Hesabu haiishii hapo. Ikiwa anafanya kazi siku 26 kwa mwezi, kiasi hicho ni takriban Sh. 2,150 kwa siku. Huo ndio ujira wake kwa kuamka alfajiri. Sasa anaweza kuamua kwa ufahamu: aongeze idadi, apunguze gharama, aongeze chai na uji, au atafute shughuli nyingine. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kutohesabu jasho la mwenyewe na vitu vinavyochukuliwa nyumbani, kama mkaa wa mama au sufuria ya familia. Kitu kisichonunuliwa kwa fedha taslimu nacho kina gharama.

Katika ngazi hii mwanafunzi anapaswa kuweza kutunza daftari lenye safu tano: tarehe, maelezo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka na salio. Vilevile anapaswa kutofautisha mauzo na faida, na kutenganisha fedha ya biashara na fedha ya matumizi binafsi.

Usajili, leseni na kodi

Mtu anayetaka kufanya biashara kwa jina lisilo lake mwenyewe husajili jina hilo kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Hupata Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo hutolewa bila malipo. Leseni ya biashara hutolewa, kulingana na aina ya biashara, na halmashauri au na mamlaka ya ngazi ya Taifa.

Kodi ya mapato kwa mfanyabiashara mdogo huonesha wazi thamani ya daftari. Kwa utaratibu wa kodi ya makadirio, mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi Sh. milioni 4 halipi kodi hiyo. Ambaye mauzo yake yanazidi Sh. milioni 4 lakini hayazidi milioni 7 hulipa Sh. 100,000 kwa mwaka ikiwa hatunzi kumbukumbu. Akitunza, hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Kwa hiyo, mwenye mauzo ya Sh. milioni 5 na daftari lililo sawa atalipa asilimia 3 ya Sh. milioni 1, yaani Sh. 30,000. Mwenzake mwenye mauzo yale yale bila daftari atalipa Sh. 100,000. Tofauti ya Sh. 70,000 ni bei ya kutoandika. Izingatiwe kuwa viwango vya kodi huweza kurekebishwa kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha. Ni vyema kuhakiki katika ofisi ya TRA iliyo karibu.

Mwanafunzi ni mlipakodi tayari, hata kama hajui. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa Tanzania Bara ni asilimia 18. Katika bidhaa ya Sh. 11,800 inayotozwa kodi hiyo kwa kiwango hicho, Sh. 1,800 ni kodi. Asipodai risiti, anaacha nafasi ya fedha aliyokwisha kuitoa isifike Serikalini.

Akiba, mikopo na mitego yake

Eneo hili ndilo linalowaumiza vijana wengi kwa haraka. Mikopo inayojulikana mitaani kama kausha damu imevunja biashara, ndoa na familia. Mwathirika hudai kwamba riba ilikuwa ndogo, kwa kuwa alitajiwa kiasi cha fedha na si kiwango.

Mfano ni huu. Mkopeshaji anatoa Sh. 100,000 na kutaka Sh. 130,000 baada ya mwezi mmoja. Sh. 30,000 inaweza kuonekana si kubwa, lakini hiyo ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Mwaka 2018 ndiyo inayosimamia watoa mikopo wasiopokea amana, na ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu kwa watoa huduma wa daraja hilo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, riba ya mwezi mmoja kwa mkopo wa Sh. 100,000 ni Sh. 3,500.

Aidha, simu imefanya mkopo uwe rahisi kuliko kununua vocha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikitoa mikopo ya kidijitali bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo hujulikana kwa kuwatumia ujumbe wa kudhalilisha ndugu na jamaa wa mkopaji. Kabla ya kukopa, kijana ajiulize maswali manne: Je, mkopeshaji ana leseni? Riba ni asilimia ngapi kwa mwezi? Kuna ada gani nyingine? Nitalipa kutokana na mapato gani?

Vilevile wanafunzi waelezwe kuhusu upatu wa piramidi, ambapo mtu huahidiwa faida kubwa kwa kuingiza watu wengine. Hakuna bidhaa inayozalishwa. Fedha ya waliochelewa ndiyo inayowalipa waliotangulia, mpaka mnyororo unapokatika. Kuendesha mpango huo ni kosa la jinai.

Njia salama zipo. Vyama vya ushirika wa akiba na mikopo (SACCOS) husimamiwa kisheria. Amana za wateja katika benki hulindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi Sh. milioni 7.5 kwa mteja endapo benki itafilisika. Halmashauri nazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachojua kuandika andiko la mradi na kutunza hesabu kina nafasi kubwa zaidi ya kunufaika.

Kazi: haki na wajibu

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Shule humwambia mwanafunzi afanye bidii ili apate kazi. Ni mara chache humwambia afanye nini akishaipata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, iliyotungwa mwaka 2004, inaweka viwango ambavyo kila kijana anapaswa kuvijua.

*Umri.* Ni marufuku kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Mwenye miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala kuathiri masomo yake. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi mgodini, kiwandani, melini kama baharia, au mahali pengine penye mazingira hatarishi.

*Mkataba.* Mwajiri anapaswa kumpa mwajiriwa taarifa za ajira kwa maandishi anapoanza kazi: jina, umri, anwani na jinsi ya mwajiriwa, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa. Kijana asisaini karatasi ambayo hajaisoma, na baada ya kusaini abaki na nakala.

*Saa za kazi.* Ukomo wa saa za kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki na siku 6 kwa wiki. Aliyefanya kazi mfululizo kwa saa 5 anastahili mapumziko ya dakika 60. Saa za ziada hazizidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa msingi. Kwa mwenye mshahara wa msingi wa Sh. 400,000 anayefanya kazi saa 45 kwa wiki, saa moja ya kawaida ni takriban Sh. 2,051. Saa 10 za ziada zinapaswa kumpatia takriban Sh. 30,770.

*Likizo.* Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja; baba hupata angalau siku 3. Likizo ya ugonjwa ni hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara.

*Makato.* Wengi hushtuka wanapopokea mshahara wa kwanza na kukuta pungufu. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Katika mshahara wa Sh. 400,000, mfanyakazi akichangia asilimia 10, hukatwa Sh. 40,000. Zinabaki Sh. 360,000 zinazotozwa kodi ya mapato ya ajira. Sh. 270,000 za mwanzo hazitozwi, Sh. 90,000 zinazobaki hutozwa asilimia 8, yaani Sh. 7,200. Mkononi atapokea Sh. 352,800. Akiona mwajiri amekata mchango, ahakikishe NSSF kwamba umewasilishwa, kwa maana pensheni na mafao yake yatategemea hilo. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaomlinda anayeumia au kuugua kutokana na kazi, hulipwa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti.

*Kuacha au kuachishwa kazi.* Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni angalau siku 28. Katika mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7. Wajibu huu ni wa pande zote mbili: mfanyakazi anayetoweka bila notisi naye anavunja sheria.

*Mgogoro.* Mfanyakazi anayeona ameachishwa kazi isivyo halali hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Migogoro mingine hupelekwa ndani ya siku 60. Muda huu ni muhimu kuliko jambo lingine lolote katika sehemu hii. Kijana mwenye haki ya wazi anaweza kuipoteza kwa kukaa miezi mitatu akimsubiri bosi atulie. Anayechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na ombi hilo linaweza kukataliwa.

Sheria humpa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Humpa pia wajibu: kufika kazini kwa wakati, kutii maelekezo halali, kutunza mali ya mwajiri na kuwa mwaminifu. Haki bila wajibu haijengi kazi.

Kwa upande wa Zanzibar, masuala ya ajira husimamiwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya Mwaka 2005, na hifadhi ya jamii husimamiwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF). Mwanafunzi wa Unguja au Pemba anapaswa kurejea sheria hiyo, kwa kuwa baadhi ya viwango hutofautiana.

Namna ya kulifundisha somo

Somo hili haliwezi kufundishwa kwa kukariri fasili. Mwanafunzi anayeweza kutaja aina sita za mtaji lakini hawezi kutunza hesabu za duka la shule bado hajafundishwa. Mambo yafuatayo yanawezekana hata katika shule yenye rasilimali chache.

Mosi, duka, bustani au mradi wa kuku wa shule uwe darasa. Wanafunzi wapokezane kutunza daftari, kuhesabu bidhaa na kusoma taarifa ya mwezi mbele ya wenzao. Pili, hati halisi zitumike: risiti, fomu ya mkopo, hati ya mshahara na mfano wa mkataba, baada ya kuondoa majina na taarifa binafsi. Tatu, wataalamu wa karibu waalikwe: ofisa biashara au ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ofisa kazi, fundi na mama lishe wa mtaani. Nne, vilabu vya kodi vinavyoratibiwa na TRA shuleni vitumike kuendeleza mjadala nje ya kipindi. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) nayo ina vitabu na miongozo.

Suala la lugha linahitaji uangalifu. Sekondari hufundisha somo hili kwa Kiingereza, ilhali mteja, mkopeshaji na mwajiri wengi huzungumza Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mwalimu anayehakikisha kwamba mwanafunzi anaweza kueleza riba, dhamana, uchakavu, faida ghafi na faida halisi kwa Kiswahili atakuwa amemsaidia kuyatumia maarifa hayo nje ya chumba cha mtihani.

Nafasi ya mzazi na mlezi

Nyumbani ndiko mtoto anakojifunza fedha kwa mara ya kwanza. Mzazi anaweza kumshirikisha katika bajeti ya kaya, kumtuma sokoni na kumtaka alete hesabu, au kumwachia mradi mdogo wa mboga autunze kwa daftari. Hata hivyo, kuna mpaka. Kumfundisha mtoto biashara siku ya Jumamosi ni malezi. Kumtoa darasani ili akauze barabarani ni kumnyima haki yake ya elimu. Mzazi pia awe mfano: mtoto anayemwona mama yake akisoma masharti ya mkopo wa kikundi kabla ya kuweka dole gumba amepata somo ambalo hakuna mtihani utakaolipima.

Mambo matano ya kukumbuka

Mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne aondoke na mambo haya: aandike kila fedha inayoingia na kutoka, aulize riba kwa asilimia na kwa muda gani, adai na kutoa risiti, asisaini asichokisoma na abaki na nakala, na akiachishwa kazi isivyo halali, asizidishe siku 30 kabla ya kufika CMA.

Wananchi wanaohitaji ufafanuzi zaidi wafike katika ofisi za kazi za mikoa, ofisi za TRA, matawi ya NSSF, au kwa maofisa biashara na maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri zao. Huduma ya ushauri katika ofisi hizo ni haki ya mwananchi, naye kijana aliyehitimu jana ni mwananchi kamili.